Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Usimamizi wa Vihatarishi Ndani na Nje ya Lango la Kambi

Ndugu Wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wakufunzi na wasimamizi wa usalama jeshini, nawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za mwaka. Hesabu zimo katika taarifa ya Mhazini na zimekwisha kukaguliwa, na masuala ya uanachama na mahudhurio yamo katika taarifa ya Katibu, kwa hiyo sitayarudia. Nafasi yangu nitaitumia kueleza jambo moja lililoishughulisha Kamati Tendaji karibu mwaka mzima, nalo ni kwamba tumezoea kufundisha usimamizi wa vihatarishi kama kazi ya kujaza fomu kabla ya zoezi, na kwa sababu hiyo askari wetu huuacha kwenye ghala pamoja na silaha anapotoka kwenda nyumbani.

Kwa manufaa ya wanachama wapya, nieleze kwa ufupi msingi tunaousimamia. Utaratibu ulioenea zaidi, ambao majeshi ya Marekani yaliurasimisha katika miaka ya 1990, una hatua tano: kutambua vyanzo vya hatari, kuvipima, kufanya uamuzi, kutekeleza udhibiti, kisha kusimamia na kuangalia kama udhibiti huo unafanya kazi kweli. Kupima ni kujibu maswali mawili, yaani jambo hili likitokea litadhuru kiasi gani, na lina uwezekano gani wa kutokea. Hatua hizo zinaongozwa na kanuni nne. Usikubali hatari isiyo ya lazima. Kubali hatari pale tu faida inapozidi gharama. Itazamie hatari wakati wa kupanga. Na uamuzi ufanywe na mtu wa ngazi inayostahili. Kanuni hii ya nne ndiyo isiyotiliwa maanani, na nitairejea.

Mwaka huu Kamati iliomba ruhusa ya kuhudhuria mazoezi ya kawaida kama watazamaji. Asubuhi moja, kwenye uwanja wa shabaha, nilikabidhiwa fomu ya tathmini ya siku hiyo. Ilikuwa imejazwa kwa mwandiko safi, na kwenye kisanduku cha hali ya hewa paliandikwa "jua, upepo kidogo". Niliisoma nikiwa nimeikinga kwa kiganja, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na wino umeanza kuchuruzika. Fomu ilinakiliwa kutoka ile ya wiki iliyotangulia, ikabadilishwa tarehe tu. Sajenti aliyeijaza si mzembe hata kidogo, kwani nilimwona kwa macho yangu akikagua chemba ya kila bunduki, moja baada ya nyingine, kabla ya kumruhusu mtu yeyote kuondoka kwenye mstari. Hatari anayoijua kwa mikono yake aliidhibiti barabara. Lakini njia ya udongo ambayo lori la askari lingeishuka baada ya saa mbili ilikuwa imekwisha kuwa utelezi, na hakuna aliyekwenda kuitazama, maana karatasi ilikuwa imesema kuna jua. Tulipomweleza hakubisha. Alilisimamisha lori juu ya mteremko, askari wakashuka kwa miguu, na kazi yote ilichukua robo saa.

Ugonjwa huu hauko kwa sajenti peke yake. Mwaka 2017 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilipoteza mabaharia 17 katika ajali mbili zilizotokea ndani ya takriban miezi miwili. Tarehe 17 Juni manowari USS Fitzgerald iligongana na meli ya makontena ACX Crystal karibu na Japani, wakafa 7, na tarehe 21 Agosti manowari USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta Alnic MC karibu na Singapore, wakafa 10. Wakaguzi wanaofanya kazi kwa niaba ya Bunge la nchi hiyo walikuta kwamba, kufikia Juni mwaka huo, asilimia 37 ya vyeti vya umahiri wa kivita vya mabaharia wa manowari kubwa zenye makao Japani vilikuwa vimekwisha muda wake. Meli hizo hazikutoroka bandarini. Zilitoka zikiwa na nyaraka za tathmini na mipango ya kupunguza hatari, tena zimetiwa saini, na kila ruhusa ya pekee, yaani ya kuendelea na kazi ingawa sharti fulani halijatimizwa, iliifanya inayofuata ionekane ya kawaida. Wanachama wenzangu, hapo ndipo fomu inapogeuka kuwa hatari yenyewe, kwa sababu aliyeitia saini huamini kwamba kuna mtu mahali fulani aliyekwisha kufikiri.

Ajali ya McCain tuliijadili kwa vikao viwili, na nadhani inastahili vingine. Manowari hiyo ilikuwa inaingia katika mojawapo ya njia za bahari zenye msongamano mkubwa kabisa duniani. Baadhi ya maofisa walishauri kwamba kikosi kamili cha kuongoza meli katika maji finyu kiwekwe mapema, lakini kamanda akaamua kiwekwe saa 12 asubuhi ili mabaharia wapate kulala zaidi. Mgongano ulitokea saa 11:24 alfajiri. Tusikimbilie kumlaumu, kwa sababu usingizi ni udhibiti halali wa hatari, na uamuzi huo ulifanywa na mwenye mamlaka. Kilichokosekana kwenye mizani ni jambo la tatu: kati ya waliokuwa zamu walikuwamo mabaharia walioazimwa kutoka meli nyingine yenye mfumo tofauti wa usukani, na udhibiti wa usukani na wa injini ulipogawanywa kati ya vituo viwili, waliamini kwamba usukani umekufa, wakati ulikuwa unafanya kazi katika kituo cha pili. Alipima uchovu dhidi ya msongamano. Swali la nani anaujua usukani huu halikuulizwa kwa sauti.

Nitapita kwa haraka juu ya mfano wa pili, ule wa gari la deraya la kutembea majini lililozama tarehe 30 Julai 2020 karibu na kisiwa cha San Clemente, California, likaua askari 9. Uchunguzi ulitaja gari lililochakaa, mafunzo ya kujiokoa ambayo hayakukamilika, amri ya kutoka iliyochelewa wakati maji yanaingia kwa takriban dakika 45, na kutokuwapo kwa boti za uokoaji pembeni. Kila upungufu ulikuwa na mhusika wake aliyeuona unavumilika. Hakuwapo mtu aliyepewa kazi ya kuujumlisha.

Sasa nije nje ya lango, ambako ndiko tulikochelewa zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2008 hesabu ya takriban miezi 12 ilionyesha kwamba askari 25 wa kikosi cha Marine (askari wa majini) cha Marekani walikufa kwa ajali za pikipiki, karibu wote wakiendesha pikipiki za mwendo kasi, ilhali waliouawa vitani Iraki katika kipindi hicho walikuwa 20. Wakati huo vita vilikuwa bado vinaendelea. Askari hao walikuwa wamefundishwa kukagua njia kabla ya msafara, kuulizia mawasiliano na kupanga mahali pa kurudi mambo yakiharibika, na ninaamini kwamba wengi wao, kama wangepewa jukumu la kumsafirisha mtu mwingine kwa pikipiki ile ile kama sehemu ya operesheni, wangepitia hatua zote tano bila kukumbushwa.

Kuhusu uchovu niseme kwa uwazi, kwa sababu linanigusa. Tafiti zinajulikana: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na umakini kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, na akifikisha saa 24 anakaribia asilimia 0.10. Nimelifundisha jambo hilo darasani kwa miaka. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka huu nilitoka zamu ya usiku nikaingia kwenye gari kwa safari ya familia, na nikaamshwa na mlio wa kokoto chini ya matairi ya upande wa kushoto. Nilikuwa nimekwisha kuiacha lami. Mwanangu alikuwa kiti cha nyuma, amelala, na hakujua kilichotokea mpaka leo. Tukio hilo nililiandika kwa mkono wangu, na ndilo la kwanza katika daftari la matukio ya kunusurika tulilolifungua mwaka huu, daftari lisilo na majina wala namba za utumishi, kwa kuwa mtu anayeogopa adhabu haandiki.

Yaliyoandikwa humo tangu wakati huo yanafanana kwa namna inayoumiza. Koplo mmoja ameeleza kwamba mkanda wa kofia yake ngumu ya pikipiki ulikatika, akaufunga kwa kamba ya kiatu na kuendesha hivyo kwa wiki kadhaa, ingawa alijua kuwa kofia inayovaliwa sawasawa hupunguza uwezekano wa kifo kwa takriban asilimia 42 na wa majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Angemwona askari wake na mkanda wa namna hiyo kwenye kofia ya kivita, angemrudisha ghalani saa ile ile.

Hapa ndipo kanuni ya nne inaporudi. Kambini, hatari ikizidi kiwango fulani, koplo humpelekea sajenti, sajenti humpelekea kamanda. Nyumbani mwenye mamlaka ya ngazi inayostahili ni askari mwenyewe, na hakuna wa kumpandishia. Lakini gharama haiwi yake peke yake, na kwa hiyo Kamati imependekeza kwamba uamuzi wa safari ndefu, wa kupanda juu ya paa, wa kuogelea mahali pasipojulikana au wa kuendesha baada ya zamu, uzungumzwe kwanza na yule ambaye ataletewa habari mbaya kama zipo. Mwanachama mmoja alituambia alimweleza mkewe mpango wake wa kuendesha usiku kucha mwanzo wa likizo, naye akamuuliza swali moja tu, "Umelala lini?" Wakaondoka asubuhi.

Wapo wanachama waliopinga kwa hoja kwamba mapumziko ni mali ya askari na kwamba tunaingilia maisha yake. Sehemu ya hoja hiyo naikubali. Sipendi kuona fomu ikimfuata mtu likizoni, na sidhani kama ingesaidia, baada ya yale niliyoyaona kwenye uwanja wa shabaha. Hata hivyo, zipo hatua zinazofaa kuwa za lazima, kama yalivyo mafunzo ya pikipiki ambayo majeshi ya Marekani humtaka kila askari mwendeshaji ayapitie, aendeshe ndani ya kambi au nje yake. Kwa mengine yote, mazungumzo ya dakika mbili kati ya kiongozi na askari wake siku ya kutoka yanatosha, mradi kiongozi anamjua askari huyo na anauliza anakokwenda, na nani, kwa chombo gani, na amelala saa ngapi.

Kwa mwaka ujao, Kamati inaomba ridhaa ya mkutano huu kwa mambo yafuatayo. Fomu ya tathmini ifupishwe na iwe na nafasi ya lazima yenye maneno "nini kimebadilika tangu mara ya mwisho", isiyoweza kujazwa kwa kunakili. Kila zoezi lenye zaidi ya ruhusa moja ya pekee liwe na ofisa mmoja aliyetajwa wa kuzijumlisha zote na kuzipeleka ngazi ya juu. Daftari la matukio ya kunusurika lisomwe katika kila kikao cha robo mwaka, na kusomwa huko kuanze na viongozi. Wanachama wanaombwa wamkabidhi Katibu, kabla ya kufungwa kwa mkutano, nakala ya fomu ya mwisho waliyoitia saini, ili Kamati ilinganishe kilichoandikwa na kilichofanyika.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti