Aliyeacha pombe atengewe kikombe chake mezani pa Bwana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala usiokwisha, ule wa kama Mkristo anaruhusiwa kunywa pombe au la. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri upande wa Moshi, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimesaidia kuandaa meza ya Bwana: kutandika vitambaa vya altare, kuhesabu vikombe vidogo, kumimina divai kabla kengele haijalia. Katika miaka hiyo nimesikia hoja nyingi za kumtetea mnywaji na nyingi zaidi za kumhukumu, lakini ni mara chache mno nimesikia mtu akiuliza tunamfanyia nini yule ambaye amekwisha kuacha.

Yupo ndugu mmoja hapa kwetu, ambaye sitamtaja, anayeingia mwaka wa tatu tangu aache pombe. Huwahi ibadani na kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Siku ya Chakula cha Bwana, mstari wake unaposimama kwenda mbele, yeye huvuta miguu pembeni ili wenzake wapite, kisha huinamia kitabu cha nyimbo mpaka wamerudi wote. Watu wa kijijini wana macho, Mhariri. Kwetu mtu asiyekwenda mezani miezi nenda miezi rudi hudhaniwa kuwa ametengwa, na minong'ono ikaanza kwamba pengine ana nyumba ndogo mahali. Nilipomfuata nyumbani kumuuliza, alinijibu kwa sauti ya chini, mkewe akiwa amesimama mlangoni pa jikoni: "Mzee, ile harufu tu ikinifika puani, najua jioni nitakuwa wapi."

Nilirudi kwangu nikiwa na aibu, kwa sababu anayeimimina ile divai ni mimi.

Nisieleweke vibaya. Sitaki kuwaambia wasomaji wako kwamba divai ya Kana ilikuwa juisi, kama baadhi ya wahubiri wanavyopenda kusema. Zabibu za Palestina huvunwa kiangazi kinapoelekea mwisho, na Pasaka huangukia majira ya kuchipua. Kwa hiyo kinywaji kilichowekwa mezani usiku ule wa karamu ya mwisho kilikuwa kimekaa miezi mingi, katika nchi ambayo haikuwa na jokofu wala njia rahisi ya kuzuia maji ya zabibu yasichachuke. Paulo naye asingewakemea Wakorintho kwamba mmoja ana njaa na mwingine amelewa, tena palepale kwenye Chakula cha Bwana, kama kikombe chao kisingekuwa na kilevi. Na ni Paulo huyohuyo aliyemshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Ukinisomea hayo yote nitasema amina, sawa na nitakavyosema amina ukinisomea waraka kwa Waefeso unaotukataza kulewa. Lakini sura ya 14 ya Warumi nayo iko palepale, na humo Mtume anasema ni vyema kutokula nyama wala kunywa divai ikiwa jambo hilo linamkwaza ndugu yako. Hakusema divai ni najisi. Alikwisha kusema katika sura hiyohiyo kwamba hakuna kitu kilicho najisi kwa asili yake. Alichotaka ni kwamba mwenye nguvu amwangalie aliye dhaifu kabla ya kunyoosha mkono.

Asiyeijua Kilimanjaro huenda asione uzito wa jambo hili. Kwetu mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi inayotiwa uchungu wa gome la msesewe, si kinywaji cha kukata kiu tu. Mahari haijadiliwi pasipo mbege. Ndugu waliogombana wakipatanishwa, mkosaji huja na jani la sale na mbege, na wazee wakishapokezana kata ndipo maneno huhesabika yamekwisha. Mtu anayeacha pombe kwetu huacha pia kikao. Hujikuta anaalikwa mara moja, mara mbili, kisha haalikwi tena, maana mwenyeji anaona aibu kumkalisha mgeni mikono mitupu. Huyu ndugu yangu hata mbege siyo iliyomwangusha. Vilivyomwangusha ni vile viroba, vifuko vidogo vya pombe kali vilivyouzwa madukani kama pipi mpaka serikali ilipovipiga marufuku Machi 1, 2017, na baada ya hapo gongo. Lakini alipoacha ilimbidi aache vyote, na mbege ikaondoka na wazee, marafiki na nafasi yake ya kusema neno katika ukoo. Alikuja kanisani kwa kuwa alitumaini kwamba huku, angalau, bado ana mahali pa kuketi. Sisi tukampokea kwa kikombe kinachomrudisha kule alikotoka. Amepoteza meza mbili, na hii ya pili ilikuwa juu yetu kuilinda.

Nilipolifikisha suala hili kwa wazee wenzangu, nilijibiwa kwa upole kwamba kikombe kidogo kile hakiwezi kumlevya mtu. Ni kweli, hakiwezi kunilevya mimi. Kwa mtu ambaye pombe ilikwisha kumtawala, tatizo haliko kwenye wingi wa mililita. Liko kwenye kufunguliwa kwa mlango alioufunga kwa machozi. Kuna na wengine ambao hospitali imewaandikia dawa iitwayo disulfiramu, inayouzuia mwili usimalize kukivunjavunja kilevi, na mtu aliyeimeza akigusa pombe hata kidogo anaweza kuiva uso, moyo ukamwenda mbio, kichwa kikamgonga na akatapika. Je, huyo naye tumwambie apige magoti altareni na kutumaini mema?

Mwingine alisema aombewe, apone, kisha anywe kama sisi. Nimeombea watu, na nitaendelea kuwaombea. Hata hivyo yapo maneno katika Wakorintho wa kwanza, sura ya 10, kwamba pamoja na jaribu Mungu hufanya na mlango wa kutokea, na sioni kwa nini sisi tuuzibe mlango huo kwa trei yetu wenyewe halafu tumlaumu mtu kwa kukosa imani. Kuacha pombe kila siku, mwaka wa tatu sasa, katika kijiji ambacho kila njia inapita mbele ya kilabu, ni imani ambayo mimi binafsi sijawahi kudaiwa.

Jibu la tatu ndilo lililonifikirisha zaidi: kwamba apokee mkate peke yake, maana Kristo yumo mzima katika mkate. Ndugu zetu Wakatoliki hufundisha hivyo, na mwamini wao wa kawaida anayepokea mkate tu hajioni amepungukiwa. Sisi Walutheri, hata hivyo, tumezaliwa katika ugomvi juu ya kikombe. Mtaguso wa Konstanz ulipowanyima waumini kikombe mwaka 1415, palitokea vita huko Bohemia, na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani yetu Walutheri, likaweka kipengele kizima kudai kwamba waumini wapewe mkate na divai vyote viwili, kwa kuwa Bwana alisema "nyweni nyote". Hatuwezi kusema kwa miaka karibu 500 kwamba kikombe ni haki ya kila mbatizwa, kisha tukafika kwa mtu mmoja wa benchi la nyuma tukamwambia yeye mkate unamtosha.

Tena njia ipo, na wenzetu wameitembea zamani. Thomas Welch, Mmethodisti wa Marekani, alianza mwaka 1869 kuchemsha maji ya zabibu ndani ya chupa ili yasichachuke, na alifanya hivyo kwa ajili ya meza ya Bwana kabla hayajawa biashara. Wasabato na makanisa mengi ya Kipentekoste hapa nchini hutumia kinywaji kisicho na kilevi bila kuona wamepungukiwa na sakramenti. Hata Roma, iliyo makini kuliko wote katika jambo hili, katika barua ya mwaka 2003 iliruhusu padre asiyeweza kunywa divai, kwa idhini ya askofu wake, atumie maji ya zabibu yaliyozuiwa yasichachuke kwa njia isiyobadilisha asili yake, kama vile kugandishwa kwa baridi. Ikiwa padre anaonewa huruma, mkulima wa kahawa amekosa nini? Na Injili zenyewe, zinapoeleza usiku ule, zinasema "kikombe" na "uzao wa mzabibu". Neno divai halimo.

Siombi divai iondolewe. Wapo wazee wenzangu ambao imani yao imefungamana na ladha ile tangu kipaimara, na sina sababu ya kuwanyang'anya. Ninachoomba ni vikombe vichache vya juisi halisi ya zabibu katika kila trei, viwekwe safu ya katikati, na mchungaji atangaze kabla ya ibada, kwa sentensi moja tu, kwamba vya katikati havina kilevi na yeyote anaweza kuvichukua bila kuulizwa. Neno "yeyote" nalisisitiza. Tukisema ni vikombe vya walioacha pombe, tutakuwa tumewaandika majina usoni. Lakini wakivichukua pia mama mjamzito, kijana aliyepata kipaimara juzi na mgonjwa wa ini, hakuna atakayehesabu nani ni nani. Mimi mwenyewe nimekusudia kuchukua cha katikati siku ya kwanza.

Gharama isiwe kisingizio. Dodoma inavuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Kilo chache zikikamuliwa, maji yake yakachemshwa siku hiyohiyo na kutiwa yakiwa ya moto katika chupa safi zinazofungwa vizuri, yanatosha usharika wa kijijini kwa miezi kadhaa. Chupa ikishafunguliwa, inayobaki inywewe na watoto wa Shule ya Jumapili, maana haitakaa hadi juma lijalo. Nimeijaribu kazi hiyo jikoni kwangu pamoja na mke wangu, na chupa sita ziko kabatini.

Suala hili limeandikwa katika ajenda ya kikao cha baraza letu la wazee mwezi ujao. Nawaomba wachungaji na wazee wa sharika nyingine watakaosoma barua hii waliweke katika ajenda zao pia, na kabla ya kikao wamtembelee angalau mtu mmoja anayebaki kwenye benchi wakati wengine wanakwenda mbele, wamuulize sababu.

Mzee wa Kanisa,
Moshi Vijijini