Dizeli Iliyotembea Kilomita Laki Tatu: Namna Tunavyoipima Kabla Hujalipa

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote hapa gerejini kwetu Iringa huja kwa njia ya simu, na kwa bahati mbaya mwulizaji huwa ameshatoa malipo ya awali: amepata Hilux au Prado ya dizeli, bei ni nzuri, lakini dashibodi inaonyesha kilomita 300,000 au zaidi, naye anataka kujua kama anunue au aachane nayo. Namba hiyo peke yake haitoshi kumjibu. Kinachojibu ni namna kilomita hizo zilivyotembewa, matunzo ambayo injini imepata, na gharama ya kurudisha kila kilichochoka katika hali yake, ikijumlishwa na bei ya muuzaji.

Fikiria gari linalokwenda Mbeya na kurudi Dar es Salaam mara moja kila wiki. Umbali wa kwenda tu ni kama kilomita 830, kwa hiyo gari hilo huvuka kilomita 80,000 kwa mwaka, lakini muda mwingi injini yake inakuwa imefikia joto lake la kazi, inazunguka kwa mwendo uliotulia, na klachi haiguswi mara kwa mara. Gari linalopeleka watoto shuleni na kurudi, likizimwa na kuwashwa mara sita kwa siku kabla injini haijapata moto vizuri, linaweza kuchoka zaidi kwa kilomita chache sana. Mwaka jana tuliletewa magari mawili katika wiki moja na mteja mmoja aliyetaka kuchagua. Moja lilikuwa Hilux yenye kilomita 318,000, ikiwa na faili la risiti zinazoonyesha oili ikibadilishwa kila kilomita 5,000. Jingine lilikuwa Prado yenye kilomita 142,000, bila karatasi hata moja, na raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika hadi chuma kinaonekana. Mteja alikuwa ameshaipenda Prado kwa sababu ya namba yake. Sisi tulimshauri aichukue Hilux, na tungemshauri hivyo hivyo leo.

Raba ya pedali inatupeleka kwenye jambo la kurudisha kilomita nyuma, ambalo ni rahisi kufanyika na gumu kuthibitishwa. Tunaangalia usukani kama umekuwa laini na kung'aa, kiti cha dereva kama kimebonyea upande wa mlango, mkanda wa kiti kama umechakaa kingo, na karatasi ndogo ambazo mafundi hubandika ndani ya boneti baada ya kubadilisha oili. Kwa gari lililoagizwa kutoka Japani, mwombe muuzaji cheti cha usafirishaji nje kilichokuja na gari, kwa sababu huwa kinaandikwa kilomita zilizorekodiwa huko.

Hata hivyo, kipimo tunachokithamini kuliko vyote hakihitaji mashine yoyote, nacho ni kuwasha injini ikiwa imepoa kabisa. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi inapata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Ikiwa ringi (pete zinazozunguka pistoni), silinda au vali zimechoka, hewa inavuja, joto halifikii kiwango, na injini inakawia kuwaka. Asubuhi ya Iringa katika mwezi wa Juni au Julai huufichua udhaifu huo bila huruma, ilhali mchana, injini ikiwa ya moto, huwezi kuuona. Kwa sababu hiyo tunaomba gari lilale kwetu usiku mmoja. Muuzaji anayesisitiza kukuletea gari likiwa tayari linaunguruma huenda hana nia mbaya, lakini amekunyima taarifa muhimu kuliko zote, nawe unayo haki ya kuidai.

Inapowaka, tunasikiliza na kutazama moshi kwa pamoja. Moshi mweupe kidogo kwa sekunde chache asubuhi ya baridi si jambo la kutisha. Ukiendelea baada ya injini kupata moto, mafuta hayaungui vizuri, au maji yanaingia ndani ya silinda. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua, na chanzo kinaweza kuwa turbo, mihuri ya vali au ringi. Moshi mweusi wakati wa kukanyaga mafuta kwa nguvu mara nyingi hutokana na filta ya hewa iliyoziba, hozi ya turbo iliyopasuka au nozeli zinazonyunyiza mafuta ndani ya silinda zikiwa zimechoka, na baadhi ya matatizo hayo ni ya bei ndogo. Kisha tunafungua kifuniko cha kuwekea oili injini ikiwa inazunguka. Upumuaji mdogo ni wa kawaida. Ikiwa inapumua kwa nguvu na mfululizo kama birika linalochemka, mgandamizo unapita kwenye ringi na kuingia chini, na hapo unazungumzia kushusha injini. Wateja wengi hutishwa na oili nyeusi kwenye kijiti cha kupimia, lakini oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa kwa sababu ya masizi. Kinachopaswa kukutisha ni oili yenye rangi ya maziwa, yaani iliyoingiwa na maji.

Kwa kuwa sehemu kubwa ya magari tunayoletewa ni Hilux za kuanzia mwaka 2005 na Prado zenye injini ya lita 3.0 iitwayo 1KD-FTV, inafaa tueleze ugonjwa wake mmoja kwa kirefu, maana ndio unaoua injini ambayo ingeweza kuendelea kwa miaka mingi. Kila nozeli hukaa juu ya washa ndogo ya shaba inayozuia moto wa silinda usivuje. Washa hiyo ikichoka, gesi na masizi hupenya pembeni ya nozeli, huchanganyika na oili, na kutengeneza uchafu mzito kama lami. Uchafu huo hushuka chini hadi kwenye chujio la sampu (bakuli la oili chini ya injini) ambako pampu hunyonya oili, na chujio likiziba, turbo na beringi za krenki hukosa oili hata kama kijiti kinaonyesha imejaa. Dalili ya mapema ni taa ya oili kuchelewa kuzimika baada ya kuwasha, au mlio wa kupumua unaosikika juu ya injini. Katika gari la aina hii lenye kilomita nyingi, tunafungua kifuniko cha juu kukagua eneo la nozeli, na muuzaji akikubali tunashusha sampu kutazama chujio. Kazi hiyo inachukua saa kadhaa, nasi tunaamini ni saa zilizotumika vizuri kuliko zote katika ukaguzi mzima.

Injini zilizotangulia zina tabia tofauti. Prado za miaka ya 1990 zenye 1KZ-TE zinajulikana kwa kupasuka silinda hedi zikishawahi kuchemsha, kwa hiyo huko tunatafuta mapovu kwenye rejeta na hozi zinazobaki ngumu. Land Cruiser zenye 1HZ, injini ya lita 4.2 yenye silinda sita na isiyo na turbo, huvumilia kilomita nyingi zaidi, na katika hizo mara nyingi tunahangaikia zaidi kutu ya chasisi na uchovu wa gia boksi kuliko injini yenyewe. Zote tatu hutumia mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa vali na pistoni, ambao hubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kutegemea injini na mazingira. Ukikatika, vali hugongana na pistoni. Ikiwa hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, na usitegemee taa ya T-BELT, ile ya dashibodi inayokumbusha kubadilisha mkanda, kwa sababu taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa.

Baada ya hapo tunatoka na gari barabarani. Tunateremka hadi Ipogolo na kuupanda mlima wa kurudi mjini tukiwa kwenye gia ya tatu, tukitazama kipimo cha joto, tukisikiliza turbo inavyoingia, na tukikanyaga mafuta ghafla ili kuona kama klachi inateleza. Gari linaloupanda mlima huo bila joto kuongezeka na bila kuacha wingu jeusi nyuma limetueleza mengi kuliko maneno ya dalali.

Matokeo yote tunayaandika kwenye karatasi, kila kasoro na bei ya spea tuliyoiuliza dukani siku hiyo hiyo. Nozeli nne, turbo, mkanda wa taimingi na klachi vikihitajika kwa pamoja, vinaweza kula faida yote uliyodhani umeipata kwenye bei, ilhali gari la kilomita 350,000 ambalo vitu hivyo vimeshabadilishwa kwa risiti linaweza kuwa nafuu ya kweli. Tunakwambia moja kwa moja uache pale tu tunapokuta maji ndani ya oili, upumuaji mkali ukiambatana na kuwaka kwa shida asubuhi, au chasisi iliyoliwa na kutu kwenye maungio yake. Kasoro nyingine zote ni suala la bei, na karatasi hiyo unaweza kuiweka mezani mbele ya muuzaji.

Ukitaka tukukagulie gari, lilete jioni pamoja na nakala ya kadi na risiti zozote zilizopo, ukiwa umekubaliana na muuzaji kwamba litalala kwetu. Tutaliwasha saa moja asubuhi, nawe ukiwa umesimama kando yetu.