Risala ya Wahitimu wa Ualimu wa Elimu ya Msingi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Chuo, Tanga

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi na walezi, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe kwa kuacha majukumu yako na kuja kwetu. Karibu sana Tanga, mji wa waja leo waondoka leo. Wewe tunakuomba usiondoke kabla hujaliona boma letu la maabara.

Chuo kilianza kuandaa walimu baada ya Azimio la Musoma la 1974, elimu ya msingi kwa wote ilipohitaji walimu wengi kwa haraka. Tangu hapo kimetoa walimu mahiri waliotapakaa nchi nzima.

Mafanikio ni makubwa. Tumebuni zana ambazo shule tulizofanyia mazoezi ya kufundisha zimezipokea kwa shangwe: mizani ya vifuu, machungwa ya Muheza ya kufundishia sehemu, na kamba ya mkonge yenye nafasi 12 zilizo sawa. Ukiivuta kamba hiyo kwa pande za 3, 4 na 5, unapata pembe mraba. Wanafunzi wa shule jirani waliitumia kupima kona za bustani yao.

Ndugu Mgeni Rasmi, kamba haitoshi kufundishia sayansi. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa 2024, unasisitiza umahiri: mtoto atende, asikariri. Atatendaje ikiwa mwalimu wake hajawahi kutenda? Mwenzetu mmoja akiwa kwenye mazoezi alichora saketi ubaoni kwa chaki. Mtoto wa darasa la tano akauliza: "Mwalimu, tukigeuza betri, taa itawaka?" Mwenzetu akamwambia atamjibu kesho. Balbu ya nyuzi huwaka, ya LED haiwaki. Ni jambo la dakika mbili kwa aliyewahi kushika betri na nyaya. Sisi saketi tumesoma kwenye vitini, na leo tunakabidhiwa vyeti vya kwenda kuifundisha. Linatuuma, maana mtoto akijibiwa "kesho" mara tatu, huacha kuuliza.

Boma la maabara limejengwa kwa michango ya wazazi na nguvu za wanachuo. Limefika kwenye lenta, likaishia hapo. Katika mahafali mawili yaliyopita wageni rasmi, tena kwa moyo mkunjufu, walituahidi bati, kisha mbao. Tuliwapigia makofi na vigelegele. Barua za kukumbushia tumeandika kwa adabu zote. Majibu yaliyo kwenye jalada yanasema suala linafanyiwa kazi. Wakati huo, mvua za masika zinakula kuta ambazo wazazi wetu walizichangia.

Kwa heshima kubwa, tunaomba bati za geji 28, mbao za kenchi, milango, na meza za maabara zenye masinki. Zaidi ya vyote tunaomba tarehe. Hata ahadi ikiwa ya bati peke yake, itaje hapa mbele ya wazazi, na umtaje afisa atakayeifuatilia, ili wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wajue pa kubisha hodi. Fundi wetu yupo ukumbini na makisio ya gharama anayo mkononi. Baada ya chakula yuko tayari kukutembeza.

Tunaomba kuwasilisha.