Kipimo cha uso uliopooza kina siku zake

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, Mbagala. Kazi yangu ni midomo: pa, pe, pi, po, pu, watoto wakinitazama ninavyoibana na kuiachia. Jumatatu moja mwezi wa tatu niliamka, nikasukutua, maji yakamwagika upande wa kulia. Jicho la kulia halikufumba. Nilikwenda kazini hivyohivyo. Niliposoma "pa" ubaoni pumzi ilitokea pembeni, ikawa "fa", na watoto wangu wakaitikia kwa sauti moja: "Fa!" Nilitoka nje nikalia.

Mume wangu alidhani ni kiharusi. Jirani alisema nimepitiwa na upepo, mama mkwe akataka nisomewe. Jioni ile nilimwona daktari, akaniambia nikunje paji la uso. Upande wa kulia haukukunjika hata mstari mmoja. Akaeleza kwamba kiharusi mara nyingi huliacha paji likikunjika kama kawaida. Kwangu ulikuwa umeathirika mshipa wa fahamu wa uso wenyewe, ule unaotokea chini ya sikio. Akanianzishia vidonge vya prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, siku hiyohiyo, maana vinatakiwa vianze ndani ya saa 72, akanipa na matone ya jicho na plasta ya kulifunga usiku lisikauke. Daktari yule namshukuru hadi leo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mambo ya kesho yake. Kwa hofu nilichukua hela yangu ya mchezo wa walimu, nikaenda hospitali moja ya kulipia kupimwa mishipa ya fahamu kwa umeme. Nikapimwa. Nikaambiwa mshipa ni mzima, wiki haiishi nitakuwa nimepona. Nilirudi nyumbani nikashangilia na wanangu. Wiki ikaisha, uso uko palepale, umelala kama si wangu. Siku zile ndizo zilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu nilikuwa nimeahidiwa.

Siku ya kumi nilipelekwa kwa mtaalamu mwingine, mama mmoja mtaratibu sana. Alipoona karatasi yangu aliuliza: "Ulipimwa siku ya ngapi?" Nikasema ya pili. Akaiweka pembeni. "Mwalimu, ukikata mgomba leo, kesho jani bado ni la kijani." Mshipa ukiumia ndani ya mfupa nyuma ya sikio, kipande cha mbele yake huendelea kupitisha umeme kwa siku tatu hivi kabla hakijanyauka. Anayekipima siku ya pili anapima jani la kijani.

Akanibandika vidude viwili kando ya pua, akagusisha kifaa chini ya sikio la kushoto, upande mzima. Umeme wake unauma kama kupigwa na mpira wa kufungia noti, na shavu linaruka lenyewe. Kwenye kioo likatokea wimbi. Kisha kulia. Shavu likatikisika kidogo mno, lakini niliona! Upande mzima ulitoa milivolti 4, upande mgonjwa milivolti 1. Robo. Akasema ingeshuka chini ya sehemu 10 kwa 100 za upande mzima ndani ya wiki mbili za mwanzo, matumaini ya kupona sawasawa yangekuwa madogo na tungezungumza mengine. Kwa robo, nisubiri, ila nijiandae kwa miezi, si wiki.

Ikawa hivyo. Kona ya mdomo ilianza kucheza wiki ya sita, na baada ya miezi minne nikarudi kwenye "pa" yangu. Nikitafuna, jicho la kulia bado hujifinya kidogo. Nyuzi nyingine za mshipa zilipoota upya zilipotea njia.

Jambo jingine alilonieleza mtaalamu yule lisipotee. Ambaye upande mgonjwa wa uso wake bado unasogea, hata kidogo, hahitaji kipimo hiki, kwa kuwa wengi wa aina hiyo hupona. Hata ukichanganya wote, wa kidogo na wa kabisa, watu kama saba katika kila kumi hupona kabisa bila dawa yoyote. Basi kwa nini mtu ambaye upande wake mgonjwa bado unasogea atozwe hela ya kipimo? Na aliyepooza kabisa kwa nini apimwe siku ya pili, au aambiwe arudi baada ya mwezi, wakati siku zenyewe zimeshapita?

Naomba mwandishi wenu wa afya awafuate mabingwa wa mishipa ya fahamu hapa jijini, aandike ukurasa mzima, kwa Kiswahili cha sokoni: siku tatu za kwanza ni za vidonge na kulinda jicho; kuanzia siku ya nne hadi ya 14 ni za kipimo, kwa aliyepooza kabisa tu. Ukitoka, nitaubandika ofisini kwetu walimu, na nakala moja nitaipeleka zahanati ya mtaani kwetu.

Mwalimu wa darasa la kwanza,
Mbagala, Dar es Salaam