Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Tupeni miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima. Barua zangu za awali zilipokelewa ofisini kwako, zikagongwa muhuri, nikaambiwa zinafanyiwa kazi. Leo naandika hadharani, kwa sababu juzi maofisa wa mfuko wa mikopo midogo ulio chini yako walimnyang'anya mwenzetu wa kikundi cherehani yake mbele ya wanawe. Cherehani yenyewe aliinunua kwa mkopo wenu. Kosa lake ni marejesho mawili yaliyochelewa.

Siku ya uzinduzi ulisema fedha hizi zitatutoa kwenye umaskini. Ukamtaja Muhammad Yunus, aliyetoa dola 27 zake mwenyewe mwaka 1976 kuwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra, Bangladesh, na miaka 30 baadaye akapata Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Benki ya Grameen, benki ya mikopo midogo aliyoianzisha. Tulikupigia makofi. Lakini hukutuambia kwamba benki hiyo nayo, iliyoanza na marejesho ya kila wiki yasiyolegea, ilikuja kubadili taratibu zake ili mkopaji aliyekwama apangiwe upya deni lake. Sisi tukikwama tunapangiwa siku ya kuchukuliwa vitu.

Mheshimiwa, mkopo wenu ukitoka leo, rejesho la kwanza linadaiwa wiki ijayo. Fundi atafute kitambaa, ashone, amkabidhi mteja, kisha asubiri mteja naye apate fedha. Yote hayo ndani ya wiki moja? Haiwezekani. Kwa hiyo marejesho ya mwanzo yanatoka kwenye mkopo wenyewe, na mtaji unaliwa kabla haujafanya kazi. Mimi niliomba fedha za mashine mpya ya kudarizi. Baada ya kutenga za marejesho, zilizobaki zilitosha mashine chakavu tu, na ilipokufa nikalazimika kwenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba ya kuumiza, ili niulipe mfuko wa Serikali. Mwanangu alirudishwa nyumbani kwa ada mwezi huohuo. Nakopa huku nilipe kule, na kwenye vitabu vyenu ninahesabika mkopaji mzuri!

Riba nayo mnaitangaza asilimia 20 kwa mwaka, ila mnaihesabu juu ya mkopo wote hadi wiki ya mwisho, kana kwamba hatujarudisha hata senti. Ukikokotoa juu ya deni linalobaki, inapita asilimia 35. Hilo nalo litazamwe, ingawa si ndilo linalotuua haraka.

Kinachotuua ni lile rejesho la kwanza. Kule Kolkata, India, watafiti waliwagawa wakopaji: wengine walianza kulipa baada ya wiki mbili, wengine baada ya miezi miwili. Waliopewa miezi miwili waliweka fedha nyingi zaidi kwenye biashara, na miaka mitatu baadaye faida yao ilikuwa kubwa zaidi. Sifichi kwamba walioshindwa kulipa nao waliongezeka. Lakini kama lengo la mfuko ni kupunguza umaskini, mfuko upimwe kwa biashara zilizosimama. Nadhani maofisa wenu wanapimwa kwa fedha zilizorudi mwezi huo, ndiyo maana wanatukimbiza hivi. Kama ninakosea, tuelezeni wanapimwa kwa nini.

Siombi kusamehewa deni. Nitalipa, na wenzangu watalipa. Naomba mkataba ubadilishwe kifungu kimoja tu: rejesho la kwanza lianze baada ya miezi miwili. Uliahidi kutusikiliza, Mheshimiwa. Miezi miwili tu, na iandikwe kabla ya awamu ijayo ya mikopo kutolewa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi cherehani na mkopaji wa mfuko