Kununiana nako ni urafiki

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku Tanga hatujambo, ila joto. Uliponipigia kunieleza kuwa yule dada wa Eldoret mliyekuwa mkichati kila usiku amekubloku bila hata neno, nilikusikia unalia na sikuwa na la kukuambia. Sasa ninalo.

Sitasema marafiki wa mtandaoni ni wa uongo. Kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja ndilo linalotuchangisha mmoja wetu anapofiwa, na pesa zinaingia kweli. Lakini hao tulichapwa viboko pamoja kabla simu hazijaja. Ninaotilia shaka ni urafiki ambao kuondoka kwake hakuna gharama: mtu akichoka nawe anabonyeza tu, basi, hukuwahi kuwepo.

Unamkumbuka jirani yetu wa ukuta mmoja. Tuligombana kwa ajili ya upatu. Alidai nimeruka zamu yake, nami nikamwambia hesabu hajui. (Mpaka leo nasema hajui.) Tulinuniana Ramadhani nzima, tukipishana uchochoroni kila mtu kageuzia uso kwake. Ningekuwa na kitufe cha kumbloku ningekibonyeza siku ile ile, tena kwa raha. Sikuwa nacho. Bomba la maji lilikuwa moja, na msiba wa mtaa ni wa mtaa. Bibi yako alipofariki, yeye ndiye aliyetangulia kufika na sufuria lake kubwa, akapita moja kwa moja jikoni akaanza kumenya vitunguu. Hakuniuliza kisu kiko wapi. Anajua kiko wapi. Hatujaombana radhi hadi leo.

Wenye mitandao hawana haja upatane na yeyote. Sean Parker, rais wa kwanza wa Facebook, alikiri mwaka 2017 kwamba walipokuwa wakiijenga walijiuliza watakuchukuliaje muda na akili zako kwa wingi kadiri inavyowezekana, na kwamba zile "like" ni za kukupa raha kidogo ili urudi tena. Siwalaumu kwa kufanya biashara. Ila Robin Dunbar, mtafiti wa Uingereza, amekuwa akisema tangu miaka ya 1990 kwamba binadamu anamudu uhusiano wa kweli na watu wapatao 150, na wale wa ndani kabisa hawazidi 5 hivi. Facebook inakuruhusu marafiki 5,000. Hao wengine ni wa nani?

Huyo wa Eldoret mlilie, ni haki yako. Kisha umgeukie mwenzako wa chumba, ambaye mmenuniana wiki ya pili sasa kwa ajili ya umeme wa luku. Nunua wewe safari hii, hata kama zamu ni yake, halafu mwambie wazi kwamba zamu ilikuwa yake. Akikasirika, mgombane hapo hapo, chakula kikiwa mezani.

Kaka yako anakusalimu na anaitaka chaja yake.

Mama