Zainabu, usilipie hizo wiki sita

Port Vila, Novemba 2025

Shoga yangu Zainabu,

Asalaam aleikum. Huku Vanuatu hatujambo. Hamadi anarudi kila jioni na vumbi la saruji hadi kwenye kope, maana majengo yaliyopasuliwa na lile tetemeko la Desemba mwaka jana bado yana kazi. Watoto wamezoea, sasa wanagombana kwa Kibislama, lugha ya hapa inayounganisha watu. Msimu wa vimbunga umeanza na mtaani kila mtu anakata matawi yaliyoinamia bati. Goti la Mama linaendeleaje? Habari za Mama nitazirudia chini.

Kilichonikalisha kuandika ni ule ujumbe wako wa sauti. Nimeusikiliza, nikaurudia usiku watoto walipolala. Kwa hiyo umepata kampuni mtandaoni inayopeleka watu visiwa vya Pasifiki kwa wiki sita, kujitolea kutetea haki za mazingira. Unalipa wewe, na ndani yake kuna malazi, mafunzo kidogo na safari ya kuogelea na kasa. Likizo umeshaomba. Unangoja neno langu tu ulipe kabla ya mwezi kwisha.

Usilipe, Zainabu. Ningefurahi kukuona mlangoni hapa hata kesho asubuhi, lakini pesa hizo usizitoe.

Ngoja nikueleze. Wiki iliyopita tulikwenda Pele, kisiwa kidogo kaskazini mwa Efate, kisiwa tunachokaa sisi. Unapanda pikapu mpaka gati ya Emua, halafu boti. Nilikuwa na watu wa kikundi ninachokisaidia, kinachoandika maelezo ya watu walioumizwa na mabadiliko ya tabianchi: wakili mmoja na vijana wawili, wote wenyeji. Mimi naandika na kupanga karatasi. Pale huanzi kuhoji watu hivihivi. Unaanza kwa chifu, unakaa mkekani, unaeleza umetoka wapi na nani kakutuma. Nilipoulizwa kwetu ni wapi nikawaambia Pangani, nikawasimulia kisiwa chetu cha Maziwe: kwamba wazee wetu wanaikumbuka ikiwa na mivinje na kasa wakija kutaga, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Mzee mmoja akauliza watu wake walihamia wapi. Nikamwambia hapakuwa na kijiji, wavuvi tu walipumzika. Akashusha pumzi.

Mama tuliyemfuata anakaa karibu na ufuo. Safu ya mbele ya makaburi ya ukoo wake bahari imeshaichukua, na mawe ya matumbawe waliyopanga kuizuia yameporomoka. Magimbi nyuma ya nyumba yameungua majani kwa chumvi. Wakili akaandika maelezo yake, akamsomea kwa Kibislama. Alipofika pale palipoandikwa kwamba makaburi kadhaa yamechukuliwa na bahari, mama akainua mkono. Akasema ondoa hilo, andika majina. Akaanza kuyataja, mmoja baada ya mwingine, nani mtoto wa nani, nani alizikwa mwaka wa kimbunga kipi. Mwenye boti akaita, akaita tena, maji yanatoka. Hakuna aliyenyanyuka. Alipomaliza akasomewa upya, akaweka dole gumba. Ndipo akatuuliza: karatasi hii inakwenda wapi, na nani atakuja kuniambia imefika wapi?

Swali hilo ndilo lililonifanya nikufikirie wewe na wiki zako sita. Yule mama ameshapigwa picha sana. Wamepita wageni na kamera zao, wamelia naye, wamemkumbatia, wameondoka, na hadi leo hajui sura yake imetumika wapi. Anayekuja kwa wiki sita anaweza kuchukua maelezo ya mtu. Kuyarudisha hawezi. Hiki kikundi kinampelekea kila shahidi nakala yake, na kila hatua mpya inapotokea wanarudi kijijini kueleza. Kazi hiyo haina mwisho wa mwezi, na inataka mtu anayejua lugha. Nchi hii ina watu kama laki tatu na lugha zaidi ya 100!

Sisemi watu wa nje hawafai. Unakumbuka tulivyobishana na Sele kuhusu ile kesi? Ilianza 2019 hapahapa Vila, wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, darasani. Wakaamua kuitafuta Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague iseme nchi zina wajibu gani kisheria juu ya tabianchi. Vanuatu ikalibeba ombi lao, mwanasheria Julian Aguon wa Guam na ofisi yake wakaongoza hoja za kisheria, na tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha ombi hilo bila kupingwa, nchi 132 zikiliunga mkono kama wadhamini. Mwanzoni mwa mwezi uleule vimbunga Judy na Kevin vilikuwa vimepiga hapa, kimoja nyuma ya kingine. Sasa fikiria, wale vijana waliomba nini kwa wenzao wa mabara mengine? Hawakuwaomba wapande ndege waje Vila. Waliwaomba wakabanane na serikali zao. Na vijana wakafanya, Afrika wakiwemo. Desemba 2024 nchi 96 zilisimama mbele ya Mahakama kutoa hoja, Kenya ikiwa mojawapo, na serikali ya Vanuatu ilipeleka pia maelezo ya wananchi wake, watu kama yule mama.

Maoni ya Mahakama yalisomwa 23 Julai mwaka huu. Kwenu ilikuwa saa kumi jioni, hapa saa sita usiku, na watu walikesha. Majaji wote walikubaliana: mazingira safi na yenye afya ni haki ya binadamu, nchi inayoshindwa kuilinda hali ya hewa, hata kwa kutoa leseni za kutafuta mafuta na gesi au ruzuku kwa nishati hizo, inaweza kuwa imetenda kosa la kimataifa, na nchi ambayo bahari inaimeza haipotezi hivihivi mipaka yake ya baharini. Najua utasema maoni ya ushauri hayafungi mtu. Ni kweli. Lakini wanasheria wa hapa wanayatumia kila siku, na mwezi uliopita wale wanafunzi na Aguon wametangazwa washindi wa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood, na nilimwona kijana wa kikundi chetu akilia waziwazi.

Jambo lingine ambalo lile tangazo haliwezi kukuambia ni ardhi. Katiba ya hapa, ibara ya 73, inasema ardhi yote ni ya wenyeji wa kimila na vizazi vyao. Ni ulinzi mkubwa, natamani kwetu ungekuwapo. Ila maana yake kijiji kinacholiwa na bahari kikitaka kusogea juu, kule juu ni kwa ukoo mwingine, na mazungumzo ni ya machifu, mikeka, nguruwe na kinywaji cha kava, pengine kwa miaka. Mgeni hawezi kuyaharakisha. Anachoweza ni kukaa chini na kuandika kilichokubaliwa bila kuongeza lake. Nami nakwambia, kuandika hivyo ni kugumu.

Haya, sasa shida yangu kwako. Kujitolea unataka, na mimi nakuombea kazi.

Pasifiki haina mahakama ya kikanda ya haki za binadamu. Afrika tunayo, na iko Arusha, umbali wa daladala kutoka ofisini kwako! Mkataba wetu wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, wa 1981, una ibara ya 24, haki ya mazingira ya kuridhisha. Tume ya Afrika ya haki hizo iliitumia 2001 kwa Waogoni wa Nigeria, na Mahakama ikawapa Waogiek wa Kenya haki yao ya msitu wa Mau mwaka 2017, ikaamua fidia 2022. Wakili wa hapa ameniuliza zaidi ya mara moja Waogiek walithibitishaje kwamba ardhi ni yao bila hati, na maelezo ya wazee yalipokewaje. Mimi najua juujuu. Wewe umezisoma hukumu zile mpaka zimechakaa. Nataka kurasa chache, lugha nyepesi, zinazoonyesha ushahidi ulivyokusanywa na nini kilichofuata baada ya hukumu, hasa hilo la pili, maana kushinda na kulipwa ni mambo mawili.

Halafu kuna lile ombi ambalo Umoja wa Mawakili wa Afrika uliwasilisha Mei mwaka huu kwenye Mahakama hiyohiyo, kuhusu wajibu wa nchi zetu katika tabianchi. Lifuatilie. Wakipokea maoni ya wadau, kuna watu wa Kisiwa Panza kule Pemba ambao mabonde yao ya mpunga yameingiliwa na maji ya chumvi, na shangazi yako anawajua kwa majina. Hao wanahitaji mtu wa kukaa nao, kuwaandikia, kuwasomea, na kurudi kwao. Lugha unaijua. Nauli ni ya basi na boti tu. Hizo wiki sita za likizo zipeleke huko, na Pasifiki utakuwa umeisaidia, kwa sababu vijana wa hapa kila wakisikia Afrika inasogea wanapata nguvu ya kuzisukuma nchi kubwa.

Ukishafanya hayo na bado unataka kuja, njoo kwangu, bure, ukae. Nitakupeleka Pele kama mgeni wangu, ule laplap, chakula cha hapa, na hakuna atakayekupiga picha umeshika mtoto wa mtu.

Sasa nijibu, na safari hii kwa maandishi. Umeshalipa amana au bado? Kama umelipa, wanarudisha? Bosi wako ataikubali likizo ukimwambia ni Pemba? Shangazi bado yuko Mkoani au alishahamia Chake? Mahakama imetoa ratiba yoyote ya lile ombi? Tatu amejifungua? Na Mama goti, dawa alizopewa zinamfaa au amerudi kwenye mafuta yake ya nazi? Hamadi anauliza kama Mwalimu Kimaro alipata ule mzigo.

Nakala za hukumu ya Waogiek, ya 2017 na ya 2022, nitumie zote mbili kabla ya Ijumaa, wakili anasafiri kwenda kisiwa cha Tanna.

Wako,
Mwanahamisi